Maswali Yenu Kuhusu Damu: Damu Ipo Chini, Ila Chuma Hakijapungua

Wapendwa wasomaji, mwezi huu meseji zimekuja nyingi kuhusu anemia za kurithi, yaani ule upungufu wa damu ambao mtu anazaliwa nao kwa sababu ya kosa kwenye jeni, siyo kwa sababu ya minyoo wala lishe wala kuvuja damu. Nimechagua sita. Kabla sijajibu hata moja niseme kinachonisumbua moyoni, hili neno upungufu wa damu tumeligeuza kapu, kila kitu kinatupiwa humo, mtu akiambiwa damu ndogo basi ni vidonge vya chuma, mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita, na hakuna anayeuliza kwani kosa liko wapi? Liko kwenye chuma? Kwenye himoglobini yenyewe? Kwenye kimeng'enya kinacholinda seli? Au kwenye kiwanda kinachozitengeneza hizo seli? Kila jibu lina tiba yake, na ukikosea hapo unaweza kumuumiza mtu huku unadhani unamtibu. Twende.

SWALI: Habari za kazi dokta. Mwanangu ana miaka mitatu, tangu ana miezi minane damu yake inashuka, tumempa dawa ya chuma ya maji karibu mwaka mzima, inapanda kidogo halafu inarudi pale pale. Juzi tumebadilisha hospitali wamepima wakasema ni thalasemia, tena wakasema chuma tuache kabisa. Nimechanganyikiwa, damu hana halafu chuma tuache, inakuwaje hiyo? Mama Junior.

JIBU: Salama Mama Junior, na pole sana, mwaka mzima wa kumshikilia mtoto anywe dawa asiyoihitaji siyo jambo dogo. Ila waliokwambia uache wako sahihi, ngoja nikueleze taratibu.

Himoglobini ndo ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Imeundwa kwa minyororo minne, miwili inaitwa alfa na miwili beta, na kila mnyororo umeshika kipande kinachoitwa himu chenye chembe moja ya chuma katikati, hapo kwenye chuma ndipo oksijeni inapokaa. Kwa hiyo mwili unahitaji vitu viwili, chuma na minyororo. Mtu mwenye upungufu wa chuma minyororo anayo ila chuma hana. Mtoto wako ni kinyume chake, chuma anacho, minyororo ndo haitengenezwi ya kutosha. Sasa ukiweka damu zao chini ya hadubini zote mbili zinaonyesha seli ndogo zilizopauka, na hapo ndipo wengi wanapotea, wanaona seli ndogo wanaandika chuma.

Jeni za alfa ziko kwenye kromosomu ya 16 na kila mtu anazo nne, mbili za baba mbili za mama. Mara nyingi kosa lake ni jeni kukatika na kupotea kabisa, ikipotea moja hujui hata kama unayo hali hiyo, mbili damu inapungua kidogo tu, tatu unakuwa na ugonjwa unaoitwa himoglobini H, zikipotea zote nne mtoto mara nyingi anafia tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Jeni ya beta iko kwenye kromosomu ya 11, unazo mbili tu, na makosa yake yanayojulikana ni zaidi ya 200, mengi ni herufi moja moja ya DNA iliyobadilika, mengine yanazima mnyororo kabisa na mengine yanaupunguza tu. Ndo maana watoto wawili wote wanaitwa wana thalasemia ya beta, mmoja anaongezewa damu kila mwezi, mwingine anafika utu uzima bila kuongezewa.

Kitu ambacho watu hawaelezwi ni hiki, kwenye thalasemia ya beta shida kubwa siyo hata beta iliyokosekana, ni alfa iliyobaki haina mwenzake. Zile alfa za ziada zinagandamana ndani ya seli changa, zinaichoma ile seli kutoka ndani, seli inafia kwenye uboho kabla hata haijatoka kwenda kwenye mishipa. Mwili unaona damu haitoshi, unaongeza kasi ya uzalishaji, uboho unatanuka mpaka mifupa ya uso na kichwa inabadilika umbo, bandama inavimba, kazi inafanyika usiku na mchana na mzigo hautoki getini.

Sasa kuhusu chuma. Seli changa zikiwa nyingi hivyo zinatoa homoni inaitwa erithroferoni, na kazi yake ni kuizuia homoni nyingine ya ini inayoitwa hepsidini. Hepsidini ndo mlinzi wa mlango wa chuma kwenye utumbo, huyo akinyamazishwa mlango unabaki wazi na mwili unafyonza chuma kupita kiasi hata kama mtoto hajawahi kuongezewa damu. Akianza kuongezewa ndo inazidi, chupa moja ya damu inaingiza miligramu 200 hadi 250 za chuma, wakati mwili kwa siku unapoteza miligramu 1 au 2 tu na hauna njia yoyote ya kutoa ziada. Kinaenda wapi? Kwenye moyo, kwenye ini, kwenye tezi za homoni, kinakaa huko na kuharibu polepole. Halafu juu ya hapo sisi tunamwongezea kwa kijiko. Unaona sasa Mama Junior kwa nini wamekwambia acha.

Tiba ya thalasemia kali ni kuongezewa damu kwa ratiba, kawaida kila wiki 2 hadi 5, siyo kusubiri mpaka mtoto azidiwe, pamoja na dawa za kutoa chuma mwilini. Ziko tatu, deferoksamini inayoingizwa polepole chini ya ngozi kwa saa nyingi, na deferiproni na deferasiroksi ambazo ni za kumeza. Nakuomba hizi dawa za kutoa chuma zisidharauliwe kwa sababu mtoto anaonekana mzima, moyo unaharibika kimya kimya. Kwa watu wazima kuna sindano inaitwa luspatersepti iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2019, inasaidia seli changa zikomae badala ya kufia njiani, kwenye utafiti wake takriban mtu mmoja kati ya watano alipunguza mahitaji ya damu kwa theluthi moja au zaidi, siyo muujiza lakini kwa huyo mmoja ni maisha tofauti kabisa.

Kuponya kabisa, njia iliyozoeleka ni kupandikizwa uboho, hasa kutoka kwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja anayelingana naye, na kila ndugu wa hivyo ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana. Matokeo ni mazuri zaidi kwa mtoto mdogo ambaye chuma hakijamharibu ini, kwa hiyo kama ana ndugu ulizeni mapema. Na tangu Agosti 2022 Marekani wameruhusu tiba ya jeni ya Zynteglo kwa thalasemia ya beta, wanachukua seli mama za uboho za mgonjwa mwenyewe wanaziongezea jeni nzima ya beta kwa kutumia virusi vilivyoondolewa ukali, kisha wanamrudishia.

Kwa wazazi wengine wanaosoma hapa, kabla mtoto hajaingia mwezi wa tatu wa chuma bila kupanda, ombeni kipimo cha feritini kinachoonyesha akiba ya chuma, na kipimo cha kutenganisha himoglobini. Mbebaji wa thalasemia ya beta, yaani aliyerithi jeni mbovu moja tu, kwa kawaida ana himoglobini A2, aina ya himoglobini ambayo huwa ni kidogo mwilini, zaidi ya asilimia 3.5. Ila angalieni, mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na upungufu wa chuma unaweza kuishusha hiyo A2 mpaka ubebaji ukajificha, basi hapo unatibu kwanza chuma halafu unarudia kipimo.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi na mchumba wangu tumepima wote tuna AS. Mtu katuambia ni moja kati ya nne, kwa hiyo tukizaa watoto watatu tu tutakuwa salama, wa nne ndo angekuwa mgonjwa. Ni kweli? Binti wa miaka 24.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa wasiojua, AS ni mtu aliyerithi himoglobini ya kawaida, A, kwa mzazi mmoja na S ya sikoseli kwa mwingine, yeye haumwi ila anaibeba, na SS ni aliyerithi S mbili, huyo ndo ana sikoseli yenyewe. Siyo kweli, na huyo aliyekwambia naomba umwambie asimwambie mwingine. Kila mimba inaanza upya, haikumbuki iliyopita. Wa kwanza ana nafasi asilimia 25 ya kuwa SS, wa pili naye 25, wa kumi naye 25. Kuna familia watoto wote wanne wazima na kuna familia watatu wa kwanza wote wanaumwa, na hakuna aliyekosea hesabu.

Nakupongeza mmepima kabla. Ila hakikisheni mmepima kwa kipimo cha kutenganisha himoglobini, siyo kile cha haraka cha kuangalia kama seli zinajikunja tu. Kile cha haraka kinasema S ipo au haipo basi, hakiwezi kutofautisha AS na SS, na hakioni C, ambayo ni himoglobini nyingine yenye kosa, wala thalasemia. Nimeshaona wachumba mmoja AS na mwingine ameambiwa hana kitu, kumbe huyo hana kitu ni mbebaji wa thalasemia ya beta, mtoto akachukua S huku na thalasemia kule, akapata ugonjwa ambao dalili zake zinaweza kuwa sawasawa na SS. AS na AC nao hivyo hivyo, mtoto anaweza kuwa SC, ambayo nayo ni aina ya sikoseli.

Mkiamua kuoana, na huo ni uamuzi wenu siyo wangu, njia zipo. Mimba inaweza kupimwa kuanzia wiki ya 11 hivi kwa kuchukua kipande kidogo cha kondo, au kuanzia wiki ya 15 kwa maji ya uzazi, na kuna kupandikiza mimba ya maabara iliyopimwa kabla. Kama hamtaki au hamwezi hayo basi angalau mtoto apimwe siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, siyo kusubiri aumwe. Penisilini ya kila siku kwa watoto wadogo wenye SS ilionyeshwa kwenye utafiti wa Marekani wa mwaka 1986 kwamba inapunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84. Dawa ya zamani, rahisi, na kuna watoto bado wanakufa hawajaipata.

SWALI: Mimi nina sikoseli, nina miaka 31. Huwa wanasema ni herufi moja tu imekosewa. Herufi moja inawezaje kunilaza wiki nzima na maumivu ya mifupa? Na hii habari kwamba wanahariri jeni mtu anapona, ni kweli au ni maneno tu? Msomaji wa siku nyingi.

JIBU: Ndugu yangu, pole na hongera kwa kufika 31 ukiwa na nguvu ya kuuliza. Ni kweli, na ni herufi moja kweli.

Mnyororo wa beta una asidi amino 146, yaani vile vipande vinavyounganishwa kujenga protini. Ile ya sita kwa watu wengine ni glutamiki asidi, inasomwa kutoka herufi GAG za DNA. Kwako hiyo A imekuwa T, inasomeka GTG, na mwili unaweka valini. Tofauti yake ni kwamba glutamiki asidi ina chaji ya umeme na inapenda maji, valini haina chaji na inayakimbia. Himoglobini ikiwa na oksijeni hamna neno. Ikishaiachia, umbo lake linabadilika na kwenye molekuli ya jirani kinajitokeza kishimo ambacho ile valini inaingia kama ufunguo kwenye kitasa, ya jirani nayo inashikwa na nyingine, nyingine na nyingine, mpaka ndani ya seli panakuwa na nyuzi ngumu, kila uzi mmoja nyuzi ndogo 14 zilizosokotana. Seli iliyokuwa laini inakuwa kama mundu, haipiti kwenye mishipa midogo, inang'ang'ania ukuta, damu inasimama, mfupa unakosa oksijeni. Hayo ndo maumivu yako. Na seli zenyewe badala ya kuishi siku 120 zinaishi 10 hadi 20, hapo ndo anemia inapotokea, siyo kwamba huna chuma.

Kwa nini kosa baya hivi limedumu? Kwa sababu mwenye AS analindwa dhidi ya malaria kali, Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa kazi aliyofanya Afrika Mashariki. Ulinzi ni wa mwenye AS, nasisitiza, wewe mwenye SS malaria ni hatari kubwa kwako.

Na huu ugonjwa ndo wa kwanza kabisa kuitwa ugonjwa wa molekuli, Linus Pauling na wenzake mwaka 1949 walionyesha himoglobini ya wagonjwa inatembea tofauti kwenye umeme, Vernon Ingram mwaka 1957 akaonyesha ni asidi amino moja tu iliyobadilika. Kutoka hapo mpaka tiba ya jeni imechukua zaidi ya miaka 60 na mimi binafsi naona ni muda mrefu mno kwa ugonjwa ambao chanzo chake kilijulikana kabla ya mengine yote.

Siri ya tiba ilitoka kwa watoto wachanga. Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson aligundua kwamba wachanga wenye sikoseli seli zao hazijikunji sana, akafikiria ni kwa sababu bado wana himoglobini ya tumboni, inaitwa F. Hii F haina beta, inatumia mnyororo unaoitwa gama, na ikichanganyika na S inazuia zile nyuzi zisijisokote. Mtoto anapofika miezi sita hivi F imeshapungua na ndo dalili zinaanza. Kwa hiyo swali likawa, tunawezaje kuirudisha F?

Jibu la kwanza ni haidroksiyurea, kapsuli iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima. Inapandisha F, inapunguza na seli nyeupe zinazochochea kuziba. Kama huitumii, nenda kamuulize daktari wako kwa nini, nakuomba kabisa, usisubiri habari za jeni ukaiacha hii iliyopo mkononi. Utafiti wa REACH uliotoka mwaka 2019 uliwafuata watoto 606 kwenye nchi nne, Angola, Kongo, Kenya na Uganda, mashambulizi ya maumivu yakapungua zaidi ya nusu, malaria ikapungua karibu nusu, na vifo vikapungua pia. Inahitaji kupimwa wingi wa seli mara kwa mara, na mwenye mpango wa kupata mtoto, mwanaume au mwanamke, aongee na daktari kwanza. Kulikuwa na kidonge kingine, vokselota, kilichoruhusiwa 2019 kinachoshikilia himoglobini isiachie oksijeni upesi, ila Septemba 2024 kampuni yake ikakiondoa sokoni dunia nzima baada ya takwimu kuonyesha wasiwasi wa mashambulizi ya maumivu na vifo, kwa hiyo kama kuna mtu bado anakutangazia hicho usikubali.

Jibu la pili ndo hilo unalolisikia. Mwaka 2008 ilionekana kwamba kuna protini inaitwa BCL11A ambayo ndo inazima F baada ya mtoto kuzaliwa. Sasa tiba inayoitwa Casgevy inafanya hivi, wanakusanya seli mama za damu yako, maabara wanatumia mkasi wa CRISPR kukata sehemu ndogo inayoiwasha BCL11A kwenye seli za damu, BCL11A inashuka, F inapanda tena kama ya mtoto. Hawaigusi ile herufi yako iliyokosewa, bado ipo, wameizunguka tu. Uingereza waliiruhusu Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha wakati ule, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali. Victoria Gray, mama wa Marekani, alikuwa wa kwanza nchini kwake kupata tiba hii ya sikoseli mwaka 2019 na amekuwa akisimulia hadharani jinsi maisha yake yalivyobadilika.

Kwa hiyo siyo maneno tu. Lakini nisikudanganye kwamba ni sindano moja unaondoka. Kabla ya kurudishiwa seli zako unapewa kemotherapi kali inaitwa busulfani kusafisha uboho, nywele zinatoka, mdomo unakuwa na vidonda, unakaa hospitali wiki kadhaa huna kinga, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea, hivyo mayai au mbegu zinahifadhiwa kabla. Bei yake ni kubwa mno na vituo vinavyoweza kuifanya ni vichache. Ndo maana watafiti wengi sasa wanahangaika na njia ya kuhariri jeni ndani ya mwili moja kwa moja bila kemotherapi, na hapo ndipo macho yangu yalipo, kwa sababu tiba isiyoweza kufika walipo wagonjwa wengi bado haijakamilika.

SWALI: Dokta, mdogo wangu ana miezi tisa, wamesema ana anemia ya Diamond-Blackfan, eti ni ribosomu. Seli nyeupe ziko sawa, nyekundu ndo hamna. Mimi niko tayari kumpa uboho hata kesho. Kaka mkubwa.

JIBU: Kaka, moyo wako umenigusa kweli. Ila usikimbilie, na nitakwambia kwa nini.

Ribosomu ndo mashine inayosoma maagizo ya jeni na kuunganisha protini, kila seli inazo. Imejengwa kwa protini karibu 80, na kwenye ugonjwa huu jeni ya mojawapo ina nakala moja mbovu, kwa hiyo protini hiyo inatengenezwa nusu. Ya kwanza kugunduliwa ilikuwa RPS19 mwaka 1999, na mpaka leo ndo inayoongoza, karibu robo ya wagonjwa. Utauliza, kama ribosomu ziko kila seli mbona inaumia damu nyekundu tu? Seli changa nyekundu ina kazi nzito kuliko zote, inatakiwa itengeneze himoglobini kwa wingi ndani ya muda mfupi. Ribosomu zikiwa chache, protini muhimu inayoiambia seli iwe nyekundu, inaitwa GATA1, haitengenezwi ya kutosha, globini nazo zinachelewa wakati himu imeshatengenezwa, na himu isiyo na mwenzake ni sumu. Juu ya hapo vipande vya ribosomu vilivyokosa pa kukaa vinaamsha p53, yule askari wa ndani wa seli, anaiamuru seli ife.

Wengi wanagundulika ndani ya mwaka wa kwanza kama mdogo wako. Mwanzoni ni kuongezewa damu, steroidi mara nyingi husubirishwa mpaka mtoto avuke mwaka mmoja kwa sababu zinazuia ukuaji. Zikianzishwa karibu asilimia 80 wanaitikia mwanzoni, ingawa siyo wote wanaendelea kuitikia kwa dozi ndogo inayovumilika. Wachache, karibu mmoja kati ya watano, inafika wakati hawahitaji dawa wala damu. Kupandikizwa uboho kunaponya upande wa damu. Apimwe pia moyo, figo na vidole gumba, maana ugonjwa huu mara nyingine unakuja na maumbile tofauti.

Sasa kuhusu wewe. Mtu anaweza kuwa na jeni ile ile mbovu na damu yake ikawa nzuri kabisa, hajui. Wakikuchukulia uboho wewe ukiwa hivyo, watampandikizia mdogo wako ugonjwa wake mwenyewe. Kwa hiyo kwanza jeni ya mdogo wako ijulikane ni ipi, halafu upimwe hiyo hiyo, wewe na wazazi, ndipo mpimwe kulingana kwa tishu. Karibu nusu ya wagonjwa kosa limeanza kwao wenyewe, hivyo una nafasi nzuri, lakini lazima ipimwe.

SWALI: Nilipewa dawa ya malaria nikakojoa mkojo mweusi na macho yakawa njano. Wakapima G6PD wakasema iko sawa. Dada yangu hana shida hiyo. Je niendelee tu na dawa hizo? Kijana.

JIBU: Usiendelee, kijana wangu, mpaka urudie kipimo. Wewe una kila dalili.

G6PD ni kimeng'enya kinachoilinda seli nyekundu isiunguzwe na kemikali, na seli nyekundu inakitegemea sana kujilinda. Ikikutana na primakwini, dapsoni, rasburikesi, nafthalini ya kufukuzia nondo au maharage ya fava, inapasuka. Kipimo chako kilitoka sawa kwa sababu ulipimwa seli za zamani zikiwa zimeshakufa, waliobaki ni seli changa ambazo bado zina kimeng'enya kingi. Rudia baada ya miezi mitatu hivi. Dada yako hana shida kwa sababu jeni hii iko kwenye kromosomu X, yeye anazo mbili wewe unayo moja, ingawa wapo wanawake wanaoumwa pia. Zaidi ya watu milioni 400 duniani wana hali hii na wengi wanaishi bila tatizo, tiba ni kujua cha kuepuka na kumwambia kila anayekuandikia dawa.

SWALI: Kuna mtu anatibu kwa mitishamba, amemgeuza mtoto wa jirani yetu kutoka SS kuwa AS, cheti cha maabara kipo, nimekiona kwa macho yangu. Nimpeleke na wangu? Mzazi.

JIBU: Mzazi mwenzangu, naamini umekiona hicho cheti na naamini hata hakijaghushiwa. Niulize tu kitu kimoja, huyo mtoto wa jirani aliongezewa damu lini mara ya mwisho?

Mtoto mwenye SS akiongezewa damu ya mtu mwenye AA, kwenye mishipa yake kunakuwa na mchanganyiko wa A na S. Ukipima siku hizo karatasi itasoma kama AS, na fundi wa maabara hajakosea, hakuambiwa tu. Zile seli za kuongezewa zinakufa polepole, baada ya siku 120 hivi zimeisha, ukirudia utaiona SS imerudi na maumivu nayo. Nimepokea sampuli za namna hii mara nyingi kuliko ninavyopenda, mzazi anakuja mara ya pili analia, ameshaacha penisilini na haidroksiyurea miezi minne kwa sababu mtoto "amepona".

Jeni haipo kwenye damu peke yake, ipo kwenye kila seli ya mwili, ngozi, nywele, mayai ya uzazi. Hata aliyepandikizwa uboho akapona kabisa, damu yake inasoma ya aliyemchangia lakini watoto atakaozaa bado wanarithi S kutoka kwake, na aliyehaririwa jeni kwa CRISPR vile vile. Sasa kama hayo yote hayageuzi SS kuwa AS, majani yatagusaje herufi moja ndani ya kila seli?

Usimpeleke. Na ukiweza mwambie jirani yako kwa upole arudie kipimo ikishapita miezi minne tangu mtoto aongezewe damu, na kabla ya hapo asiache dawa hata moja.